Chombo Kisichosema: Habari za Redio ya HRO

Tarehe 8 Agosti 1914, siku nne baada ya Uingereza kuingia vitani na Ujerumani, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilifika mbele ya Dar es Salaam ikapiga mizinga. Shabaha yake haikuwa ngome wala ghala ya baruti, bali mnara wa simu ya upepo. Wakuu wa manowari walijua ya kuwa mnara ule ukiachwa usimame, Wadachi (ndivyo wazee wetu walivyowaita Wajerumani) wangeweza kusema na merikebu zao zilizo mbali baharini, nao Waingereza hawakuwa na njia nyingine ya kuuziba mdomo.

Nimeanza na habari hii ya pwani yetu ili msomaji ashike jambo moja tangu mwanzo. Chombo kipelekacho habari hewani ni kama mtu apazaye sauti usiku: rafiki humsikia, na adui humsikia pia, tena hujua alipo. Lakini chombo hicho kinaye ndugu yake, ambaye hapazi sauti. Hukaa juu ya meza ndani ya chumba, hupokea yasemwayo na wengine, wala hajibu. Manowari haiwezi kumpiga mizinga kwa sababu hajulikani aliko. Historia ya simu ya upepo mara nyingi husimuliwa kwa kuwataja wasemaji. Mimi nataka kueleza habari za msikilizaji mmoja, yaani redio ya mawimbi mafupi iitwayo HRO, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1935 kwa ajili ya watu wa amani, ikaja kutumiwa katika vita kuu ya pili, nayo na watu walioitumia wakanyamaza kimya kwa muda wa miaka karibu thelathini.

Yatupasa kwanza kujua mawimbi mafupi ni nini. Mafundi wa zamani waliamini ya kuwa mawimbi marefu tu, yenye urefu wa mamia na maelfu ya meta, ndiyo yawezayo kwenda mbali. Mafupi waliyadharau. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwasukumia watu binafsi waliopenda kuchezea simu ya upepo mawimbi ya meta 200 na chini yake, kama tajiri amwachiavyo maskini shamba la mawe. Watu wale hawakununa. Walilima shamba lao. Mnamo Desemba 1921 Mmarekani mmoja, jina lake Paul Godley, alikaa ndani ya hema katika baridi na mvua huko Ardrossan, pwani ya Uskochi, akiwa na vyombo vyake vya kupokea na waya mrefu uliotandazwa juu ya miti, akawasikia wenzake wa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Mwaka 1923 Léon Deloy wa Ufaransa na wapenda redio wa Marekani wakajibizana kwa wimbi la meta mia hivi. Ndipo makampuni makubwa na serikali zilipogutuka.

Siri yake iko juu angani. Juu sana, kuanzia kilometa mia hivi na kuendelea, jua huigeuza hewa nyembamba iwe na hali ya umeme. Wimbi refu hutambaa juu ya nchi na bahari, nalo huchoka njiani. Wimbi fupi hupanda hadi kule, likarudishwa chini kama mpira upigwao ukutani, likaanguka mbali, pengine bara jingine kabisa. Lakini ukuta ule si imara. Mchana huwa hivi, usiku huwa vinginevyo. Hubadilika kwa majira, tena kwa hali ya jua lenyewe. Kwa sababu hiyo sauti ya mawimbi mafupi huja na kupotea, na wimbi lililosikika vema saa sita ya mchana halisikiki kabisa usiku wa manane. Wasomaji waliopata kusikiliza redio kutoka nchi za mbali usiku wanaijua tabia hiyo, jinsi sauti ipandavyo na kushuka kama mtu asemaye huku upepo ukivuma.

Basi anayetaka kuyasikiliza mawimbi hayo kwa kazi ya kweli anahitaji chombo chenye sifa tatu: kisikie sauti iliyo dhaifu mno, kitenge sauti moja katika nyingi zilizosongamana, na kisihame mahali kilipowekwa. Njia ya kupata sifa hizo ilivumbuliwa mwaka 1918 na Edwin Armstrong, aliyekuwa akitumika katika jeshi la Marekani huko Paris. Nyuzi mbili za gambusi zikikaribiana sauti bila kupatana kabisa, sikio husikia mvumo wa tatu, upandao na kushuka polepole. Armstrong alifanya vivyo hivyo kwa umeme. Ndani ya chombo huzaliwa mtikisiko wa pili, nao huchanganywa na wimbi lililotoka hewani. Tofauti yao ndiyo ichukuliwayo na kukuzwa. Faida yake ni kwamba wimbi lolote liingialo, liwe refu au fupi, hugeuzwa kuwa mtikisiko wa kipimo kimoja tu, na fundi aweza kutengeneza sehemu zote zifuatazo kwa kipimo hicho kimoja na kuzitengeneza vizuri sana. Katika HRO kipimo hicho ni mitikisiko 456,000 kwa sekunde.

Kampuni iliyotengeneza HRO iliitwa National, ya mji wa Malden katika Massachusetts, na mkuu wa mafundi wake alikuwa James Millen. Miongoni mwa waliosaidia kukibuni chombo hiki alikuwa Herbert Hoover mdogo, mwana wa yule Hoover aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 1929 hata 1933, naye alikuwa mtaalamu wa redio za ndege. Kilitangazwa mwishoni mwa mwaka 1934, na mwaka uliofuata kikaanza kuuzwa. Kuhusu jina lake husimuliwa kisa cha mzaha. Mafundi walikuwa wakikimbizwa usiku na mchana wakimalize, nao katika karatasi za saa zao za ziada wakaandika herufi za maneno yenye maana ya agizo la haraka ya kupita kiasi. Herufi zile kwa mpangilio wake wa kwanza zilikaribia neno la aibu katika Kiingereza, ndipo zikapanguliwa zikawa HRO. Jina la haraka, basi. Lakini kazi yenyewe haikuwa ya haraka hata kidogo.

Aliyekiona mara ya kwanza hangekisifu kwa uzuri. Ni sanduku la chuma jeusi lenye gurudumu moja kubwa katikati. Hakina ubao wenye majina ya miji kama redio za sebuleni. Umeme wake hautoki ndani yake, bali katika sanduku jingine lililowekwa kando, ili joto na mvumo wa umeme usisumbue kazi. Nacho chaweza kutumia betri pia. Ndani mna taa tisa za kioo, zile ziitwazo vali, ambazo ndizo zilizokuwa moyo wa redio kabla ya kuja transista. Wimbi liingialo hukuzwa na kuchujwa mara mbili kabla ya kuchanganywa, wakati ambapo redio za kawaida zilichuja mara moja au zisichuje kabisa. Tena mna kipande cha jiwe la kwazi, ambalo kwa asili yake hutikisika kwa kipimo kimoja tu. Sauti za jirani zikiletwa mbele yake hukataliwa, kama chekeche lizuiavyo wishwa likaacha unga upite. Ufundi huo wa jiwe ulielezwa na James Lamb mwaka 1932, na National wakautia ndani ya HRO.

Mambo mawili katika chombo hiki hunipendeza kuliko mengine. La kwanza ni koili zake. Redio nyingi hubadili mawimbi kwa kuzungusha swichi, na swichi huchakaa, hushika kutu, huongeza nyaya ndefu zipotezazo nguvu ya wimbi lililo dhaifu. Millen aliikataa swichi. Chini ya uso wa HRO pana nafasi kama ya mtoto wa meza, na ndani yake husukumwa sanduku refu lenye koili za wimbi moja. Ukitaka wimbi jingine, huna budi kushika vishikio viwili, kulivuta sanduku nje, na kutia jingine. Masanduku manne yaliyouzwa pamoja na chombo yalipokea mawimbi yote tangu meta 10 hata meta 175 hivi. Ni kazi ya mikono, tena ya kuchosha, lakini chombo hakipotezi kitu.

La pili ni lile gurudumu. Lina madirisha madogo, na kila likizungushwa tarakimu za ndani ya madirisha hubadilika zenyewe, tangu 0 hata 500, nalo huzunguka mara kumi kamili kabla ya kufika mwisho. Kama vipimo vyake vingenyoshwa katika mstari mmoja, vingepata urefu wa futi 12. Lakini angalia: tarakimu hizo si jina la wimbi. Hazisemi meta wala mitikisiko. Msikilizaji huisoma tarakimu, kisha hutazama mchoro uliobandikwa mbele ya sanduku la koili, na kutoka mchoroni ndipo ajuapo yuko katika wimbi gani. Wengine waliona hilo ni upungufu, na kweli katika HRO za baada ya vita, tangu ile ya 50, National waliweka vipimo visomekavyo moja kwa moja. Walakini kwa mtu anayekaa na chombo kimoja kila siku, tarakimu hizo zilitosha, maana aliandika katika daftari lake kwamba kituo fulani hukaa mahali fulani kwa koili fulani, na kesho yake alirudi pale pale pasipo kubahatisha.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa wapenda redio wenye fedha, pamoja na watu wa viwanja vya ndege. Hakuna aliyekuwa anafikiri habari za vita. Lakini vita vilipotokea mwaka 1939 Waingereza walijikuta wanahitaji masikio mengi kuliko waliyokuwa nayo. Majeshi ya Ujerumani yalikwenda upesi, kwa magari na ndege na nyambizi, wala hayakuweza kutandika waya za simu nyuma yao. Walisema kwa redio. Kila neno lililofaa kufichwa liligeuzwa kwa mashine yao iitwayo Enigma likawa fungu la herufi zisizo na maana. Huko Bletchley Park, kaskazini ya London, walikusanywa wanahesabu na wajuzi wa lugha ili kuzifumbua. Watu hao wamesifiwa sana, nao wanastahili. Lakini mfumbuaji hana la kufumbua asipoletewa herufi. Aliyezileta alikuwa msikilizaji, mwenye visikizio masikioni na penseli mkononi, ameketi mbele ya chombo kama HRO.

Serikali ya Uingereza ilinunua HRO, inasemekana 1,000 kwa mara ya kwanza, na wanaofuatilia habari hizi wakadiria ya kuwa jumla ya 10,000 hivi zilitumiwa na Waingereza kabla vita havijakwisha, katika vituo vya kusikilizia, katika merikebu, na katika ofisi za mabalozi. Adui naye hakuwa mjinga. Huko Ujerumani kampuni ya Körting ilitengeneza redio kwa kuiga HRO, koili za kusukuma na kila kitu. Wajapani nao waliiga. Na kwa upande wa marafiki, Waaustralia walitengeneza yao iitwayo AR7. Hivyo pande zote mbili za vita palikuwa na watu wanaozungusha gurudumu la namna moja, kila mmoja akimsikiliza mwenziwe.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Chukua kituo cha Beaumanor katika jimbo la Leicestershire. Vibanda vya kusikilizia vilijengwa vikafananishwa na nyumba za wakulima na mazizi ya farasi, ili rubani wa adui apitapo juu asione jambo la kushangaza. Ndani walikaa wasichana wa jeshi, zaidi ya 1,000 kwa jumla, wengi wao wa umri wa miaka kumi na minane au ishirini. Walipokezana zamu mchana na usiku. Alama za Morse, zile nukta na vistari, zikija hewani hazina sauti; chombo ndicho kiwapacho mlio mwembamba kama wa mbu. Mlio huo ulifunikwa na radi za mbali, na mivumo, na vituo vingine vilivyopita juu yake, na msichana ilimpasa kuufuata mlio wake mmoja na kuandika herufi tano, nafasi, herufi tano, nafasi, bila kuelewa hata neno moja. Wala hakuweza kusema, "Tafadhali rudia." Chombo chake hakikuwa na mdomo. Herufi asiyoisikia aliiacha wazi, na nafasi zikizidi mno, Bletchley hawakuweza kufanya kitu.

Wajerumani walibadili majina ya vituo vyao na mawimbi yao mara kwa mara ili kuwapoteza wasikilizaji. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mimi kama mwalimu naliamini kwa urahisi, kwa kuwa hata vitabu vya watoto darasani huvitambua kwa mwandiko bila kutazama jina. Wasichana wale walizoea mkono wa kila mpiga Morse wa adui: huyu huburura vistari, huyu huharakisha mwisho wa fungu, huyu husita kabla ya herufi fulani. Kituo kikibadili jina na wimbi, msikilizaji alizungusha gurudumu polepole mpaka akausikia mkono ule ule, akajua ni yeye.

Palikuwa na wasikilizaji wengine pia. Wapenda redio wa Uingereza walinyang'anywa ruhusa ya kupeleka habari hewani vita vilipoanza, kisha baadhi yao, kama 1,500, wakaombwa kwa siri wakae majumbani mwao usiku baada ya kazi zao na kutafuta sauti za wapelelezi. Wapelelezi ndani ya nchi walikuwa wachache mno. Lakini wazee wale walizisikia simu za idara ya upelelezi ya Ujerumani zikipita kote Ulaya. Majirani waliwadhania wavivu, maana hawakuonekana katika kazi za ulinzi za kijiji, wala wao hawakuwa na ruhusa ya kujitetea.

Sasa nije kwenye miezi ambayo kwangu ndiyo mizito kupita yote. Tarehe 1 Februari 1942 nyambizi za Wajerumani katika Atlantiki ziliongeza gurudumu la nne katika mashine zao za Enigma. Bletchley wakapofuka mara moja. Miezi kumi ilipita, na katika miezi hiyo merikebu za chakula na mafuta zilizama kwa wingi, mabaharia wakafa. Je, wasikilizaji waliacha? Hawakuacha. Usiku kwa usiku waliendelea kuandika mafungu ya herufi ambayo hakuna mtu duniani upande wao aliyeweza kuyasoma. Penye simu isiyosomeka bado paliweza kupatikana kitu: kwa kupima upande wimbi lilikotoka, vituo viwili au vitatu viliweza kukisia nyambizi ilipo. Lakini mengi yalirundikwa tu.

Mlango ulifunguliwa na merikebu moja. Tarehe 30 Oktoba 1942, katika bahari ya Mediterania upande wa Misri, manowari ya Kiingereza Petard pamoja na wenzake waliilazimisha nyambizi U-559 kutoka juu ya maji. Luteni Tony Fasson na baharia Colin Grazier waliingia ndani yake huku ikizama, na kijana wa kantini mwenye miaka 16, Tommy Brown, akapokea vitabu walivyompa kutoka chini. Nyambizi ikazama ghafula na wale wawili ndani yake. Vitabu vilisalimika, na tarehe 13 Desemba Bletchley wakaanza kusoma tena. Vitabu peke yake havingetosha. Zilihitajiwa simu zilizoandikwa sawasawa, herufi kwa herufi, na wasikilizaji walikuwa wamezitunza.

Nimeitaja Petard kwa jina kwa sababu tutakutana nayo tena, na safari hii karibu na kwetu.

Vita vya masikio vilifika Mombasa. Waingereza walikuwa na idara ya kuwasikiliza Wajapani, iliyokaa kwanza Hong Kong, kisha Singapore, na Wajapani walipokaribia ikakimbilia Colombo katika Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1942, ndege za Wajapani ziliishambulia Colombo, na katika juma lile manowari kadhaa za Kiingereza zikazamishwa. Kundi la manowari likarudi nyuma hata Kilindini, na idara ile ya siri ikaja pamoja nalo. Ilipewa shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari, yenye jina la yule tajiri wa Kihindi ambaye maduka yake yalifika mpaka Uganda. Watu wengi wa Mombasa walipita karibu na shule hiyo wasijue ya kuwa ndani yake husikilizwa Tokyo.

Tena Wajapani walikuwa na Morse yao wenyewe. Lugha yao huandikwa kwa silabi, ka, ki, ku, kama mtoto wetu anavyoanza kusoma, na kila silabi ina alama yake. Kwa hiyo msikilizaji aliyezoea herufi za Kizungu hana budi kujifunza upya. Wataalamu hawakukosekana. Kilichokosekana ni sauti. Kilindini iko mbali mno na bahari za Wajapani, na simu zao zilifika dhaifu, chache, zimekatikakatika. Hapo ndipo mtu aonapo mpaka wa ufundi. Waweza kuwa na taa tisa, na jiwe la kwazi, na gurudumu la futi 12, lakini kama ukuta wa angani haukuleta wimbi mahali ulipoketi, umeketi bure. Hata hivyo kazi ilifanyika. Mnamo Septemba 1942, kwa kosa moja la Wajapani wenyewe, John MacInnes na Brian Townend wakiwa Kilindini walipata ufunguo wa maandishi ya siri ya merikebu za biashara za Japani, yaliyoitwa JN-40, na kufikia Novemba zilisomwa mara zipokelewapo. Merikebu za adui zenye askari na shehena zikaanza kujulikana ziendako. Lakini kwa ajili ya udhaifu wa sauti idara haikukaa sana. Mwaka 1943 ilirudi Colombo, yalikosikika mawimbi vizuri zaidi.

Ndipo nifikapo kwenye habari nisiyopenda kuiandika. Mnamo Februari 1944 meli ya askari Khedive Ismail ilitoka Kilindini kwenda Colombo katika msafara uliolindwa. Ndani yake walikuwamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa Rejimenti ya 301, pamoja na mabaharia na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, nayo ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297. Manowari zilizoilipiza na kuizamisha nyambizi ile zilikuwa Paladin na Petard. Naam, Petard yule yule aliyeleta vitabu vya U-559. Nyambizi ilijificha chini ya wale waliokuwa wakielea majini, na manowari zilitupa mabomu ya kina ingawa watu wao wenyewe walikuwa pale.

Watu huuliza, kama masikio yalikuwa makali hivyo, mbona askari wetu hawakuokolewa? Chombo cha kupokea hakina jicho. Husikia asemaye tu. Nyambizi inyamazayo na kungoja njiani haina cha kusikilizwa, haidhuru msikilizaji awe hodari kiasi gani. Wale waliotukuza kazi ya siri baada ya vita, wengine wao wameandika kana kwamba kila hatua ya adui ilijulikana. Haikuwa hivyo, na jamaa za wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301 walikuwa na haki ya kulijua hilo.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 HRO nyingi ziliuzwa kwa bei rahisi kama mali ya jeshi isiyohitajiwa. Wapenda redio walifurahi, maana chombo ambacho kabla ya vita walikitazama katika matangazo tu sasa walikiweka mezani. Kampuni ya National iliendelea kutoa HRO za namna mpya; mwaka 1964 ikatoa ya transista, iliyoitwa HRO-500, isiyo na taa wala masanduku ya kuvuta. Aliyenunua HRO ya zamani alipata chombo na koili zake, pengine na mikwaruzo juu ya rangi nyeusi. Hakuambiwa ilisikia nini.

Wala wale wasichana hawakuambia mtu. Walikuwa wameapa kutunza siri, wakarudi makwao, wakaolewa, wakazeeka. Wako waliokaa na waume zao miaka mingi, waume wakafa wakidhani wake zao walikuwa makarani wa jeshi. Habari za Bletchley zilitolewa hadharani mwaka 1974, F. W. Winterbotham alipoandika kitabu chake, na hata baada ya hapo wengi walisita kufungua kinywa. Mwaka 2009 serikali ya Uingereza iliamua kuwapa beji ya ukumbusho wale waliokuwa hai bado, wa Bletchley na wa vituo vya kusikilizia pamoja. Msichana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1942, akiandika usiku herufi zisizosomeka, alikuwa na miaka 87 alipoipokea.